Pete ya Gia ya Pili

Mowlem, Nairobi
6 Septemba 2025

Mjomba Kweyu,

Mulembe. Mama anakusalimu. Yuko mzima, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatusikizani. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za klachi, ukanieleza bei ya mahindi huko Khwisero. Basi barua hii inakuja kwa basi, na yule dada wa ofisi ya vifurushi ameniahidi utaipata.

Jumapili iliyopita watu wa upande wa baba walikutana hapa kwetu kupanga ukumbusho wake, ambao utafanyika Desemba, nyumbani Butere. Baada ya maombi na chai, Baba mdogo Shiundu alisimama dirishani akaitazama ile Pijo 504 ya baba. Unajua imekaa juu ya mawe tangu giaboksi ilipokufa, hata kabla baba hajaugua. Kuku wa jirani wanatagia kiti cha nyuma.

Akasema, "Nimechoka kuona gari la ndugu yangu likilaliwa na kuku. Nimepata mtu wa skrepa. Aje alikate."

Nikasema nitalitengeneza mimi. Akageuka. "Wewe? Si wewe ni fundi wa magari yanayojibadilishia gia yenyewe?" Watu wakacheka, hata mama. Mjomba, nilishikwa na hasira, nikasema mbele ya wazee wote kwamba gari hilo litafika Butere kwa nguvu zake. Wazee wakalidaka neno langu hapo hapo. Likiingia bomani siku ya ukumbusho likijiendesha, ni langu. Likija kwa kuvutwa, au lisipokuja, ni la mtu wa skrepa.

Sasa hasira imeisha na giaboksi iko mezani. Kazini kwetu Komarock sijawahi kufungua ya aina hii hata moja. Gia ya pili ndiyo iliyokuwa ikikwaruza baba akipunguza mwendo, halafu mwishoni beringi zikaanza kulia. Muoki, tunayefanya naye kazi, anasema, "Nunua kila kitu kipya, umalize story." Wewe ulifundisha ufundi maisha yako yote. Nibadilishe nini, niache nini?

Mpwa wako,
Mourine Ayuma


Khwisero
14 Septemba 2025

Mpwa wangu Mourine,

Nimeipata barua yako, na nimeisoma mara mbili kwa raha. Kuhusu mahindi, bei bado ni mbaya.

Tuanze na mambo ya watu, ndipo tuje kwenye vyuma. Mimi ni kaka ya mama yako. Katika mali ya ukoo wa baba yako sina mdomo, na mjomba anayejitia kwenye mali ya shemeji yake huonekana ana njaa. Nitakufundisha, lakini jina langu lisitajwe mbele ya Shiundu wala wazee. Ukiulizwa, sema unasoma vitabu.

Sasa giaboksi. Muoki anakosea, ingawa anakosea kama watu wengi wenye haraka. Ndani ya sanduku hilo kuna vitu vya kubadilisha bila kuuliza, navyo ni beringi na sili, zile mpira zinazozuia mafuta kuvuja. Beringi huficha ugonjwa wake. Unaweza kuiosha ikang'aa, ukaizungusha ikanyamaza, kisha ikakulilia ukiwa Mau Summit. Nunua mpya, na ununue kwa mtu anayekuruhusu kuigusa kabla ya kulipa.

Gia zenyewe ni habari nyingine. Gia mbili zinazosagana kwa miaka hulana polepole mpaka kila jino linajua mahali pa mwenzake. Ukitoa moja ukaweka mpya kabisa, ile mpya itapiga kelele na kuila ile ya zamani. Kwa hiyo ama unabadilisha zote mbili, ama unaziacha zote mbili. Pitisha ukucha juu ya kila jino. Usipokwama popote, ziache pamoja.

Zimebaki zile pete za shaba, na nadhani ndizo zenye kesi. Umewaona vijana wanaosukuma mikokoteni pale Soko la Burma. Anayetaka kurukia mkokoteni unaoteremka hukimbia kwanza kando yake mpaka mwendo wao uwe mmoja, ndipo anaruka. Akiruka akiwa amesimama, ataanguka. Pete ndiyo inayokimbia. Unapoingiza gia, pete huibana koni, ile shingo iliyochongoka ya gia, inaisugua, inaisawazisha mwendo, halafu meno yanaingia kimya. Ndani ya pete kuna mistari myembamba sana inayokata mafuta ili shaba ishike chuma, kama mistari ya soli ya kiatu kwenye matope. Mistari ikiisha, pete inateleza, na meno yanagongana. Huo ndio mkwaruzo aliousikia baba yako.

Nitumie pete zote pamoja na gia ya pili yenyewe. Usinitumie picha. Picha haiwezi kuniambia kitu ambacho kidole changu kinataka kujua. Na kila unachokitoa, kitunge kwenye waya kwa mpangilio ulivyokitoa, kisipotee, wala kisigeuzwe.

Nakutakia kazi njema. Utaweza.

Mjomba wako,
Kweyu


Mowlem
27 Septemba 2025

Mjomba,

Mzigo ndio huo. Nimefunga kila pete kwa kitambaa chake. Meno ya gia nimeyapitisha ukucha yote, haukukwama popote, ila vidole vyangu sasa vinanuka mafuta hata nikila ugali.

Beringi nimepata Kariobangi. Muuzaji alinikataza kufungua karatasi, nikamwambia mjomba wangu amenikataza kununua nisichokigusa. Akasema, "Huyo mjomba wako anaoa beringi ama?" Nikaenda duka la pili.

Baba mdogo alipita hapa Jumamosi iliyopita. Aliziona zile waya zimening'inia ukutani na vyuma vyake, akauliza kama nauza mishikaki. Lakini alikaa sana, Mjomba. Alikaa kwenye kiti cha baba akaniangalia nikisugua kasha la giaboksi. Sijui anatafuta nini.

Mourine


Khwisero
5 Oktoba 2025

Mpwa wangu,

Nakurudishia vyote. Pete ya gia ya tatu na ya nne ni nzima. Ya kwanza itavumilia. Ya pili imekufa. Ukiibonyeza kwenye koni yake inakaa mpaka chini, haiachi nafasi yoyote kati yake na meno, na ndani imelainika kama pete ya ndoa ya bibi kizee.

Jiulize kwa nini ni ya pili. Baba yako aliendesha gari hilo Nairobi, kutoka Mowlem mpaka mjini na kurudi, kwenye foleni, matuta na mashimo. Gari la mjini huishi kwenye gia ya pili. Basi tafuta pete kutoka kwa 504 ambayo haikuishi mjini. Gari la barabara ndefu linachosha gia ya nne na beringi, lakini ya pili linaigusa tu likiondoka. Unapochagua kipuri kilichotumika, usiulize kwanza kama kinang'aa. Uliza gari lake liliishi wapi.

Pete mpya si dhambi, ukizipata nzuri. Lakini siku hizi kuna nyingine zinatengenezwa na watu ambao hawajawahi kuendesha gari. Tazama mistari ya ndani. Ukucha wako uisikie ikikwangua.

Na Shiundu akija, mpe chai.

Kweyu


Mowlem
25 Oktoba 2025

Mjomba mpendwa,

Kazi imeisha! Pete nimepata mpya kabisa, za kwenye boksi. Nimefunga kila kitu, giaboksi iko ndani ya gari, gari liko chini, na kuku wamehamishwa kwa amani. Jana nimelizungusha mpaka Komarock na kurudi. Watoto walilikimbiza wakipiga makofi.

Kuna kitu kimoja tu nataka kujua, kwa kujifunza tu. Gari fulani likiwa na pete mpya, halafu asubuhi, kukiwa na baridi, gia ya pili inakataa na kupiga kelele, lakini likishapata joto inaingia kwa kunung'unika, hilo ni la kawaida? Litazoea?

Mama anakusalimu.

Mourine


Khwisero
2 Novemba 2025

Mpwa wangu Mourine,

Swali lako la mwisho ndilo barua. Hayo mengine ni bahasha.

Halitazoea. Asubuhi mafuta ni mazito. Pete yenye mistari mikali huyakata hata yakiwa mazito, lakini pete laini huelea juu yake. Mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi, na hata pete mbaya inashika kidogo. Kwa hiyo "gari fulani" limefungwa pete isiyo na mistari. Ukipanda nalo Mau, kule juu kwenye ukungu, ukahitaji kurudi gia ya pili nyuma ya lori, litakukatalia. Siku hiyo litamaliza safari yake likiwa nyuma ya kamba.

Sasa nina neno la pili, na usiogope, sijakasirika. Wewe ukinunua kitu, huniambia ulivyogombana na muuzaji. Beringi ulinisimulia mpaka nikacheka peke yangu. Hizi pete "umepata". Hukuzinunua. Umepewa na mtu ambaye hukuweza kumkatalia, na hukutaka nijue, kwa sababu nilikwambia uzikague kwa ukucha nawe ulizifunga bila kuzikagua.

Niambie ni nani. Tukishajua aliyetoa, tutajua namna ya kuzitoa.

Kweyu


Mowlem
15 Novemba 2025

Mjomba,

Ni Baba mdogo Shiundu.

Alikuja na boksi jipya, jekundu, limefungwa utepe wa duka. Akamwita mama, akatuambia tusimame, akaomba. Aliomba kweli, Mjomba, mpaka sauti ikamkatika alipolitaja jina la baba. Halafu akaniwekea boksi mkononi. "Tumia hizi. Usije ukasema nilikuombea ushindwe." Ningezipitisha ukucha mbele yake, mtu ambaye ametoka kuomba? Nilizifunga siku ile ile naye akiwa amekaa pale pale.

Nimefungua tena giaboksi. Ya pili ni laini kama kikombe. Za gia nyingine alizoleta sikuzitumia, kwa sababu ulisema za zamani ni nzima, na hilo pia sikumwambia.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nimeuliza kila skrepa ya Kariobangi, "Gari hili liliishi wapi?" Wengi walinicheka. Mmoja akanijibu, "Hapa kwetu, madam, halikuwa na kitambulisho." Lakini Wehliye, ambaye ana giaboksi za Pijo zimepangwa kama mikate, hakucheka.

"Niaje, fundi. Unataka la mjini ama la safari?"

"La safari."

"Basi ni hili. Lilikuwa la ami yangu. Garissa, Garissa, Garissa. Hilo gari lilikuwa linaona taa ya barabarani linashtuka."

"Beringi zake?"

"Zimekufa! Sikudanganyi. Beringi weka kaburini. Lakini gia ya pili hapo ndani ni msichana wa bweni."

Akaifungua mbele yangu. Mistari ya pete ipo, Mjomba. Ilinikwangua ukucha. Nimeibonyeza kwenye koni ya gia yetu nikajaribu kuizungusha, ikakataa kabisa, ikaacha na nafasi unayoitaka wewe.

Lakini sasa nifanyeje? Nikifunga ya Wehliye kimya kimya, Baba mdogo atasimama mbele ya wazee Butere aseme gari limefika kwa pete zake, na mimi nitakuwa nimesimama hapo nikimsikiliza. Nikimwambia zawadi yake ni mbovu, nimemtukana pamoja na ile sala. Ukumbusho ni tarehe ishirini mwezi ujao.

Mourine


Khwisero
20 Novemba 2025

Mpwa wangu,

Umechagua vizuri. Nilitaka ujue hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu Shiundu, umesahau alikuwa anafanya kazi gani. Alikuwa mtu wa breki kwenye reli. Kwa miaka mingi mabehewa yaliyojaa watu yalisimama kwa sababu yeye alijua chuma kinachoshika na chuma kinachoteleza. Mtu kama huyo huhitaji kumwambia kwamba kitu ni kibovu, na usijaribu kumfundisha. Mwekee mezani ile gia ya pili na pete zote mbili, yake na ya Wehliye. Paka koni mafuta kidogo. Mwambie, "Baba, nimeshindwa kuamua. Nishikie." Kisha nyamaza. Mikono yake itasema.

Hapo hujamdanganya wala hujamtukana. Umempa kazi, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta alipokaa kwenye kile kiti.

Mimi bado usinitaje.

Kweyu


Mowlem
27 Novemba 2025

Mjomba,

Nimefanya kama ulivyosema na sasa sina gia.

Alizizungusha zote mbili. Ya kwake iliteleza. Aliirudia mara nyingi, akaifuta kwa leso, akairudia tena. Halafu akaniuliza ile nyingine imetoka wapi. Nikamwambia nilitafuta gari lililoishi barabara ndefu. Akauliza, "Maneno hayo umeyasoma kitabu gani?" Nikasema ni kitabu cha zamani.

Akasimama, akatia gia na pete zote mbili kwenye mfuko wa kaki, akavaa kofia, akaondoka. Mama alimwita mpaka getini, hakugeuka. Simu yake imezimwa. Mama analia, anasema amekwenda kwa mtu wa skrepa.

Nisipopata gia ile, siwezi kuweka nyingine, ulinifundisha mwenyewe. Nifanye nini?

Mourine


Khwisero
1 Desemba 2025

Mpwa wangu Mourine,

Mwambie mama yako afute machozi. Gia ya pili imo ndani ya mzigo huu, chini ya barua, pamoja na pete ya Wehliye.

Mgeni alinifikia Ijumaa jioni, akiwa na mfuko wa kaki. Hakukaa. Alimwaga vyuma mezani kwangu, juu ya kitambaa cha mke wangu, akasema, "Mwalimu, hicho kitabu cha zamani ndicho hiki kimekaa mbele yangu?"

Nikasema ndicho.

"Miezi yote hii! Mnaniogopa?"

"Hatukuogopi, Shiundu. Mimi ni mjomba. Ningeanzia wapi kushika mali ya nyumba yenu?"

"Mali!" akasema. "Unaita mali? Ndugu yangu alinifundishia kuendesha gari kwenye ile 504. Kila nikija Mowlem naiona imekufa, na yeye amekufa, na kuku wamekaa ndani. Nilitaka iondoke nisiione tena. Halafu mtoto akasema atalifufua, nikasema nisaidie, nikanunua boksi lililong'aa kuliko yote dukani. Mimi! Mtu wa breki!" Akaishika ile pete yake laini. "Hata behewa la mbuzi nisingelifunga hii."

Nikamwambia pete hiyo ingemdanganya mtu yeyote ikiwa ndani ya boksi, kwa sababu ubaya wake uko upande wa ndani, na upande wa ndani hautazamwi wakati wa sala. Hapo ndipo alipocheka. Ndipo alipokaa. Alikula, akalala kwetu, na asubuhi tukaizungusha ile ya Garissa pamoja, wazee wawili na tone la mafuta. Akasema, "Hii inashika."

Pete yake laini ameondoka nayo. Sikumuuliza ya nini.

Funga sasa. Kabla ya kuiingiza, iloweshe pete kwenye mafuta usiku mzima, isije ikaanza kazi ikiwa kavu. Ukiona asubuhi ya baridi gia ya pili imeingia kimya, usiniandikie tena. Njoo.

Kweyu


Khwisero
23 Desemba 2025

Mpwa wangu Mourine,

Hatukupata nafasi ya kuongea pale Butere. Watu walikuwa wengi, na mjomba hukaa na watu wa upande wake. Kwa hiyo nakuandikia, barua ikukute Mowlem.

Hukuniona, lakini nilikuwa nimesimama chini ya kile kilima kabla ya boma, mahali barabara inapokunja na kila dereva hulazimika kurudi gia ya pili. Nilikwenda mapema nikachagua mahali. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Nililisikia gari kabla sijaliona. Nikalisikia likifika kwenye kona, likipunguza mwendo, klachi ikishuka. Mpwa wangu, nimefundisha watu wengi, lakini hapo nilishika fimbo yangu kwa mikono miwili.

Sikusikia kitu. Injini ilibadilisha sauti tu, na gari likapanda.

Ulipita nikakuona umekaza macho mbele, mama yako kando yako ameshika Biblia kama usukani wa pili. Nilipofika bomani nikitembea, wazee walikuwa wamelizunguka na Shiundu alikuwa anaongea. Alisema pete za gari hilo zilichaguliwa na wewe, na kwamba aliyoleta yeye ilikuwa mbovu, na mkono wake mwenyewe ndio ulioikataa. Akaniita kwa jina langu mbele ya watu wa ukoo wenu wote, nisimame nao kwenye picha. Halafu akachomoa ufunguo wa gari, akaufunga kwa waya kwenye ile pete yake ya shaba laini, akakupa. Niliona ulivyoishika. Itakutoboa mfuko, ni kubwa mno. Usiibadilishe.

Sasa kazi iliyobaki. Mafuta uliyoweka ni ya kwanza, na safari imeisha. Yamwage gari likiwa bado na joto, uyaweke kwenye beseni safi, uyaangalie juani. Ukiona vipande vya chuma, niite. Lakini ukiona unga mwembamba unaometa kama dhahabu, usitishike. Hiyo ni pete ya Garissa na gia ya Mowlem zikizoeana. Baada ya hapo yatakuwa safi.

Mjomba wako,
Kweyu